Kumhudumia Mkimbizi Aliyeelemewa na Mawazo: Mwongozo kwa Wahudumu wa Bujumbura

Huduma ya afya ya akili kwa mkimbizi ni kumsaidia mtu aliyeumia moyoni kwa namna anayoielewa, kwa lugha anayotumia kuomba msaada, na mbele ya mtu ambaye yeye hamwogopi. Mjini Bujumbura sharti hilo la tatu ndilo gumu kuliko yote. Lugha haionekani kuwa kikwazo: mji huu una Kiswahili chake tangu enzi za ukoloni, hasa Buyenzi na Bwiza, na Mkongomani anayeshuka kutoka Uvira au Bukavu hapati tabu ya kuuliza njia wala bei ya ndagala sokoni. Ndiyo maana ni rahisi muuguzi kudhani kwamba, maadamu wanasikilizana, ameshamwelewa mgonjwa wake. Makosa mengi ya huduma hii huanzia hapo.

Maelezo yanayofuata yanawahusu wauguzi wa vituo vya afya, wajitolea wa mitaani, viongozi wa dini, wakalimani na yeyote anayefuatwa na jirani mkimbizi usiku akiambiwa kwamba fulani hali, halali, na hasemi na mtu.

Walio mjini na walio kambini

Wakimbizi wengi waliopo Burundi wametoka Kivu Kusini: Wafuliiru, Wavira, Wabembe, Washi na Wanyamulenge, pamoja na watu wa Bukavu mjini ambao hawana kijiji cha kurudia. Kabla ya mwaka 2025 walikuwa zaidi ya 80,000, wengi wao wakiishi katika kambi za Gasorwe na Kinama upande wa Muyinga (Kinama hii si ule mtaa wa Bujumbura), Musasa upande wa Ngozi, Bwagiriza upande wa Ruyigi na Kavumu upande wa Cankuzo. Bukavu ilipotwaliwa na waasi wa M23 mwezi Februari 2025, watu wengine zaidi ya 60,000 waliingia Burundi katika wiki chache tu. Wengi walivuka mto Rusizi kwa mitumbwi au kwa kuogelea, wakalala katika uwanja wa mpira wa Rugombo, Cibitoke, kabla ya baadhi yao kupelekwa Musenyi, upande wa Rutana.

Anayeishi mjini ana mzigo wa peke yake. Msaada mwingi uko kambini, kwa hiyo yeye hulipa kodi ya nyumba kwa kibarua, kwa kusuka nywele au kwa kuuza vitenge, na mara nyingi huficha alikotoka ili mwenye nyumba asimpandishie kodi. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliliona jambo hilohilo kwa upande wa pili wa ziwa, katika miaka ya 1980, alipowachunguza Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972: waliokuwa katika makazi ya Mishamo walisimulia historia yao bila kuchoka, na waliokuwa Kigoma mjini walijichanganya na wenyeji na kutaka kusahaulika. Mtu aliyezoea kujificha hivyo hatajieleza siku ya kwanza kwa sababu tu muuguzi amemkaribisha vizuri. Anahitaji muda, na muda huo upangwe tangu mwanzo.

Wapo pia Warundi wenyewe waliorudi kutoka Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Kwenye karatasi hawa si wakimbizi tena. Lakini kijana aliyekulia Kigoma, Kirundi chake kina lafudhi ya Tanzania, na shamba la baba yake linalimwa na mtu mwingine. Anastahili uangalifu uleule.

Kuna kumbukumbu moja ambayo kila mhudumu wa Bujumbura anapaswa kuijua. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa katika kambi ya muda ya Gatumba, kilomita chache kutoka mpaka wa Kongo. Waliouawa walikuwa tayari wamekimbia. Walikuwa mahali walipoambiwa kwamba ni salama. Kwa manusura na watoto wao, kauli ya “hapa uko salama” haina uzito unaodhaniwa na anayeitamka. Afadhali kumweleza mtu mambo anayoweza kuyahakikisha mwenyewe: mlango unafungwa kwa ndani, daftari linakaa kwenye kabati lenye ufunguo, na anaweza kuondoka wakati wowote akitaka.

Maumivu yanavyosemwa

Ni wachache wanaofika kituoni wakisema wana sonona au kiwewe. Wanasema wana mawazo mengi, kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, mwili umekufa ganzi, usingizi umepotea, roho inauma. Kwa Kirundi yatasikika majina kama akabonge kwa huzuni iliyomlemea mtu, ihahamuka kwa woga na mshtuko unaofuata mambo ya kutisha, na ibisazi kwa wazimu unaoonekana na kila mtu. Watafiti waliozungumza na wanajamii wa Burundi, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo waliyaandika haya mwaka 2013. Majina hayo hayalingani moja kwa moja na magonjwa ya vitabuni, na haifai kuyalazimisha. Yana faida nyingine: yanaonyesha jamii inaliona tatizo kuwa la nani. Mwenye ibisazi hupelekwa hospitali au kwa mganga. Akabonge huonekana kuwa jambo la ndugu na majirani, na mwenye huzuni akipelekwa hospitali ya akili huenda akaona ametukanwa.

Mfano unaojirudia ni wa mama wa makamo kutoka Uvira anayefika kituo cha afya kwa mara ya nne akilalamikia kichwa. Amepimwa malaria mara tatu na kupewa parasetamoli mara tatu. Safari hii muuguzi anaacha kuandika, anavuta kiti, na kumuuliza.

“Mama, mwenyewe unaona ugonjwa huu umetoka wapi?”

“Ulianza siku ile tulivuka.”

“Na kule nyumbani, mtu akiwa hivi, wanamfanyia nini?”

“Wanamwombea. Na mama mkubwa anakuja kulala naye.”

“Hapa nani analala na wewe?”

Mama anatazama chini na hajibu. Muuguzi hana haja ya kuharakisha, kwa kuwa jibu ameshalipata: yuko peke yake usiku, na usiku ndipo kichwa kinapowaka. Maswali hayo matatu (ugonjwa umetoka wapi, kwenu hutibiwaje, nani yuko nawe) yana asili katika kazi ya daktari Arthur Kleinman wa Marekani, aliyewafundisha madaktari tangu miaka ya 1970 kumuuliza mgonjwa anavyouelewa ugonjwa wake kabla ya kumweleza wanavyouelewa wao. Hayachukui hata dakika tano. Vipimo vya mwili bado vinahitajika, kwa sababu upungufu wa damu na malaria havimwachi mtu eti kwa kuwa ana huzuni. Ila vifanyike mara moja, vizuri, na majibu aelezwe.

Kutazama chini, kunyamaza kwa muda mrefu na kusimulia mauaji kwa sauti isiyopanda wala kushuka kusichukuliwe kuwa dalili za ugonjwa au za uongo. Katika nchi hizi za Maziwa Makuu, kutomkazia macho mkubwa ni adabu, na kujizuia ni heshima. Rwanda na Burundi kuna msemo kwamba machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Mwanamume wa namna hiyo hujitokeza zaidi kwa pombe, kwa ugomvi wa nyumbani au kwa maumivu ya mgongo yasiyoisha, na ukimwuliza kuhusu huzuni atakataa. Akiulizwa analalaje na hasira zikoje siku hizi, atajibu.

Jambo moja zaidi kabla ya kumpa mtu jina la ugonjwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba katika maeneo yenye vita, mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili. Hiyo ni idadi kubwa, lakini maana yake pia ni kwamba wanne waliobaki wana huzuni, hofu na hasira zinazolingana na yaliyowapata. Hao wanahitaji kodi ya nyumba, shule ya watoto, karatasi na jirani mwema, na kuwaita wagonjwa ni kuwaongezea mzigo.

Kumpokea na kumwita

Katika jamii hizi mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mhudumu mwenye adabu hupenda kusema Mama Neema au Mama Furaha kama alivyosikia majirani wakisema. Kwa mkimbizi hilo linahitaji tahadhari, maana huenda Neema alibaki Kongo, au alizama Rusizi. Njia salama ni kuanza na “mama” au “papa” tu, kwa mwenye umri mkubwa “mzee”, kisha kuuliza: “Nikuite nani?” Wapo watakaochagua jina la marehemu kwa makusudi, kwa kuwa hawataki lipotee. Wengine hawatalivumilia.

Jina lisitangazwe kwa sauti kwenye baraza la kusubiria. Jina peke yake laweza kuwaambia wote waliokaa pale mtu ni wa kabila gani na wa upande gani. Namba au kadi inatosha.

Mara nyingi mkimbizi atakuwa na swali ambalo haulizi: je, maneno haya yatafika ONPRA, ofisi ya serikali ya wakimbizi, au HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi? Kuna uvumi wa aina mbili mitaani. Mmoja unasema anayeonekana na ugonjwa wa akili hufutwa kwenye orodha ya kusafiri kwenda kuhamia nchi nyingine. Mwingine unasema mgonjwa ndiye hupewa nafasi haraka. Wote wawili huharibu mazungumzo, kwa sababu mtu ama ataficha ama ataongeza. Tangu Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, Januari 2025, familia zilizokuwa zimekwisha kufanyiwa usaili, nyingine zikiwa zimeuza vitanda na masufuria, zimebaki hazijui lolote, na suala hilo linajitokeza karibu katika kila mazungumzo. Mhudumu aseme waziwazi, mwanzoni kabisa, kwamba yeye hatoi wala hazuii safari, ni nani atakayesoma alichoandika, na ni mambo gani yanayoweza kumlazimu kuzungumza na mtu mwingine, kama vile hatari kwa maisha au mtoto anayeumizwa.

Mkalimani

Si kila mkimbizi anajua Kiswahili. Bibi kutoka Milima ya Itombwe anaweza kujua Kinyamulenge au Kibembe tu, na hata anayejua Kiswahili cha sokoni huenda hana maneno ya kusimulia alivyobakwa. Hapo ndipo mkalimani anapohitajika, na mkalimani mbaya ni hatari kuliko kukosa mkalimani.

Mtoto asimkalimanie mzazi wake. Hutokea kila siku, kwa kuwa mtoto anayesoma shule ya Bujumbura ndiye anayejua Kirundi, naye hulazimika kutamka kwa kinywa chake mambo ambayo mama yake alimficha kwa miaka. Mume asimkalimanie mkewe katika mambo ya unyanyasaji wa kingono. Jirani wa nyumba moja naye asichukuliwe kwa sababu tu yuko karibu.

Suala zito zaidi ni la upande. Kivu Kusini imepitia miaka mingi ya mapigano kati ya makundi yenye silaha yanayojinasibisha na jamii mbalimbali, na lafudhi ya mtu hufichua alikotoka kabla hajamaliza sentensi. Mfuliiru anaweza kumnyamazia mkalimani Mnyamulenge, na Mnyamulenge akamnyamazia Mfuliiru, ingawa wote wawili ni watu wema. Tena, kwa kuwa Kinyamulenge kinafanana na Kirundi na Kinyarwanda, Mrundi anaweza kudhani Mnyamulenge atajisikia nyumbani, kumbe mwenyewe ana hofu zake kuhusu Burundi pia. Haifai kukisia. Mgonjwa aulizwe faraghani, kabla mkalimani hajaingia: je, kuna mtu au watu ambao hungependa wasikie habari zako? Anayeulizwa hivyo hujibu bila kulazimika kutaja kabila lake.

Mkalimani aliyepatikana aelezwe mambo machache: akalimani yote, pamoja na yale yanayomwaibisha, azungumze kwa nafsi ya kwanza kama anavyozungumza mgonjwa, asiongeze ushauri wake wala sala yake. Mhudumu amtazame mgonjwa, amsemeshe yeye, na asigeuke kusema na mkalimani kana kwamba mwenye habari hayupo. Baada ya kikao cha mambo mazito, mkalimani naye apewe nafasi ya kukaa kidogo na kuzungumza. Mara nyingi ni mkimbizi pia, na aliyoyatafsiri huenda ndiyo yaliyompata.

Msiba ambao haukufanyika

Huzuni nyingi zinazofika vituoni ni misiba isiyokamilika. Warundi wana utaratibu wa kuondoa matanga kwa hatua, na hatua ya mwisho ndiyo inayomrudisha mfiwa katika shughuli za kawaida. Wakongomani wana matanga, watu wakikesha na kuchanga. Waislamu wa Buyenzi husoma hitma na kufanya arobaini. Aliyekimbia risasi hakupata lolote kati ya hayo. Hakuna kaburi, na pengine hakuna hata uhakika wa kifo.

Mhudumu anayelijua hili haanzi na dawa. Anauliza kama marehemu alililiwa, wapi, na nini kilibaki kufanywa. Kisha, pamoja na jamaa, mchungaji, padri au imamu, anasaidia kupanga kitu kidogo kinachowezekana Bujumbura: misa, kisomo, jioni moja ya kumtaja marehemu na kula pamoja. Manusura wa Gatumba hukusanyika kila mwaka kuwakumbuka wapendwa wao, hapa na nchi za mbali walikohamia. Kwa aliyepotelewa na mtu asiyejulikana yuko hai au amekufa, isifanywe sherehe ya kifo kwa kumharakisha. Msalaba Mwekundu una huduma ya kutafuta jamaa waliopotezana, na ombi lililowasilishwa huko humpa mtu ruhusa ya kusubiri bila kujilaumu.

Wachungaji, masheikh na waganga

Kabla ya kufika kituoni, mgonjwa karibu kila mara ameshaombewa, amesomewa kisomo au amekwenda kwa mganga. Kumkemea kwa hilo ni kumfunza kuficha. Wengi wanaamini kwamba ndoto mbaya ni majini, kwamba mtoto mwenye kifafa amerogwa, kwamba bahati mbaya mfululizo ina mtu nyuma yake. Mhudumu halazimiki kukubali wala kubishana. Anaweza kusema kwamba maombi yaendelee na dawa iendelee, na kumwomba kiongozi wa dini wakubaliane mambo ambayo hayana mjadala: mgonjwa hafungwi kamba wala mnyororo, hapigwi ili pepo litoke, haachishwi dawa, na anayetumia dawa hafungi siku nyingi bila kumwuliza daktari. Mwezi wa Ramadhani saa za dawa zinaweza kupangwa upya baina ya futari na daku. Swali hilo liulizwe mapema, mwezi wa Shaabani, kabla mgonjwa hajaziacha mwenyewe.

Mchungaji aliyeheshimiwa namna hiyo huwa mtu wa kwanza kupiga simu pale muumini anapozidiwa. Ni mshirika ambaye kituo hakina uwezo wa kumlipa.

Yanayowezekana bila daktari bingwa

Madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache mno nchini, kwa hiyo kazi kubwa hufanywa na watu wa kawaida waliofunzwa. Ushahidi wa kanda hii unatia moyo. Katika makazi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wa Rwanda na Somalia 277 walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, ambamo wakimbizi wenzao waliofunzwa kwa wiki chache waliwasaidia wenye kiwewe kusimulia maisha yao kwa mpangilio, tangu kuzaliwa, na wengi walipata nafuu. Huko Kivu, utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wanawake walionyanyaswa kingono waliokutana katika vikundi vya tiba vijijini, wengi wao wasiojua kusoma, walipona zaidi ya waliopata ushauri wa kawaida wa mmoja mmoja. Na katika makazi ya Rhino, Uganda, wanawake wa Sudan Kusini walisaidiwa na kozi iliyorekodiwa kwa sauti katika lugha yao, wakiisikiliza kwa makundi.

Kinachojitokeza ni kwamba kikundi kinafaa sana hapa, kwa sharti kwamba wanachama wamechaguana. Kikundi cha wanawake wanaosuka vikapu au wanaoweka akiba pamoja kinaweza kubeba mazungumzo ambayo chumba cha mshauri hakiyabebi. Lakini mtu asisukumwe kusimulia mambo ya kutisha hadharani, na kwa aliyebakwa, Kituo cha Seruka mjini Bujumbura, kilichoanzishwa na Madaktari Wasio na Mipaka mwaka 2003, kinatoa matibabu na ushauri kwa faragha. Aliyebakwa hivi karibuni afikishwe huko ndani ya saa 72, kwa ajili ya dawa za kuzuia VVU.

Kumpeleka Kamenge

Zipo hali ambazo kusubiri ni kosa: mtu anayesikia sauti zikimwamuru, asiyekula wala kunywa, aliyechanganyikiwa ghafla, mwenye kifafa kisichotulia, mama aliyejifungua karibuni na anamwogopa mtoto wake, na anayetaka kufa. Hili la mwisho husemwa kwa mafumbo, kwa kuwa kujiua ni aibu kubwa. Mhudumu anaweza kuanza na maneno ambayo watu wenyewe hutumia: “Kuna wakati unatamani Mungu akuchukue?” Jibu likiwa ndiyo, aulize wazi kama amefikiria kujiua, kwa njia gani, na kama anacho cha kutumia. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia upweke.

Kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge kilianzishwa mwaka 1981 na Mabruda wa Upendo, na kinatibu pia kifafa. Watu wengi wanaogopa kuonekana wakiingia pale. Inasaidia kumweleza mgonjwa wa Bukavu kwamba kituo cha SOSAME alichokijua kwao kinaendeshwa na mabruda wa shirika hilohilo. Zaidi ya yote, asipewe karatasi tu na kuambiwa aende. Asindikizwe na mtu anayemwamini, nauli ipangwe, ajue mapema ataulizwa nini, na familia ielezwe kwamba dawa nyingi huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu na haziachwi kwa siku moja.

Wakimbizi huhama bila kuaga: wanapelekwa kambini, wanarudi Uvira kuangalia nyumba, wanavuka kwenda Tanzania, wanabadilisha laini ya simu. Kila anayetumia dawa apewe nakala ya karatasi yake tangu siku ya kwanza, yenye jina halisi la dawa badala ya jina la kampuni, kipimo kwa miligramu, tarehe ya kuanza na sababu. Kifaransa kinasomeka Bukavu na Bujumbura, ila katika zahanati za Nyarugusu na Nakivale mafaili ni ya Kiingereza, na huko jina la dawa na miligramu ndivyo muuguzi atakavyovisoma bila kuhitaji mkalimani.